Nani kanyoa mwani? Kisa cha tasi na shamba la shangazi

Shangazi alinipigia simu siku ya pili ya bamvua, siku zile maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, sauti imemkauka. "Mwanangu, nimenyolewa." Hakusema ameibiwa, ingawa neno hilo nalo lilikuja kabla ya adhuhuri. Nilipofika shambani kwake saa nne asubuhi, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba wa nje, nikaona kweli kanyolewa. Kamba za upande wa baharini, zile zinazopakana na majani ya bahari, zilikuwa na visiki tu. Mwani wa wiki nne, ambao ulipaswa kujaza viganja viwili, ulikuwa sawa na ngumi ya mtoto. Kamba za upande wa pwani zilikuwa nzima, zimenona, zinang'aa.

Kazi yangu ni kupima samaki dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki: urefu, uzito, chombo alichovuliwa nacho, basi. Mwani si fani yangu. Lakini shangazi hana mtu mwingine wa kumpigia ambaye, kwa maneno yake, "analipwa kutazama bahari." Kwa hiyo naandika nilichokiona kwa mpangilio uleule niliokiona, pamoja na makosa yetu, kwa sababu wakulima wengi wa mwani wameshasimama mahali aliposimama shangazi siku ile na wamelaumu mtu asiyehusika.

Kilimo hiki kilianza Unguja kibiashara mwaka 1989, pande za Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wengi wanaolima ni wanawake. Unachomeka vigingi mchangani, unatandika kamba kati ya kigingi na kigingi, unafunga vipande vya mwani kwa taitai, vile vikamba vyembamba, na baada ya wiki sita hivi unavuna. Kazi yote inafuata bamvua, maana siku za maji mafu shamba halikauki vya kutosha mtu kufanya kazi. Kuna aina mbili: spinosamu, wenye bei ndogo lakini mvumilivu, na kotonii, wenye bei nzuri na roho nyepesi; maji yakipata joto unakufa. Shangazi ni mbishi. Kila mwaka anajaribu tena kotonii kwenye kamba chache za nje, kwenye maji yanayotembea na yenye ubaridi kidogo. Hizo ndizo zilizonyolewa.

Mpaka nafika, maelezo matatu yalikuwa yameshatolewa na kila moja lina mwenyewe. Kijana anayenunua mwani alisema ni ugonjwa, ule wa matawi kugeuka meupe. Jirani wa shamba la kulia alisema ni kasa. Shangazi mwenyewe alikuwa na jina mdomoni, na jina hilo lilikuwa la jirani wa kulia.

Tuanze na ugonjwa, maana ndio unaosingiziwa kila kitu. Mwani ukiugua, tawi huwa jeupe katikati au karibu na shina, pale penye weupe panalainika, na mwisho tawi linakatika lenyewe. Ukiinama utayaona mabaki yamelala mchangani chini ya kamba, laini mithili ya tambi zilizopikwa kupita kiasi. Chini ya kamba za shangazi hapakuwa na mabaki. Visiki vyenyewe vilikuwa vigumu, ukivibonyeza vinarudi. Weupe ulikuwepo, lakini wa namna nyingine: mabaka madogo ubavuni mwa tawi, ngozi ya rangi imekwanguliwa na nyama nyeupe ya ndani imebaki wazi, imara. Kijana wa kununua aliuona weupe akafunga faili. Simlaumu sana, yeye anautazama mwani ukiwa umeshakauka.

Kasa naye ana mkono wake, au tuseme mdomo wake. Kasa hali kwa adabu. Hung'oa fungu zima na kukuachia taitai ina kipande cha shina, na haanzi pembeni akaenda kwa mstari kamba baada ya kamba. Wizi ndio rahisi kuliko yote kuutambua: mwizi hufungua au hukata taitai, kwa sababu anataka kilo. Hakuna mwizi aliyekaa akanyofoa ncha moja moja na kuacha shina.

Na hapo ndipo jicho lilipotakiwa kwenda tangu mwanzo, kwenye ncha. Mwani hukua kwa ncha. Tawi zima lina ncha iliyochongoka, yenye rangi hafifu kuliko sehemu nyingine, laini. Kwenye kamba zile hapakuwa na ncha hata moja iliyochongoka. Zote zilikuwa butu, zimekatwa safi, mfano wa penseli iliyovunjwa risasi. Na mkato ulikuwa mdogo, upana usiozidi punje ya mchele. Mwani ulionyofolewa ncha haufi, ila husimama kukua mpaka utoe vichipukizi vipya. Vikitoa, vinanyofolewa tena. Ndiyo maana shangazi alifikiri umevunwa mara moja usiku, kumbe ulikuwa unazuiwa kukua siku baada ya siku tangu bamvua iliyopita. Hasara ilikuwa ya zamani. Alichokiona siku ile ni jumla yake.

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ni mtu wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka. Alikuja na fimbo yake, akainama mara moja, akasema, "Tasi." Shangazi akamwambia asifanye mzaha. Ami akajibu maneno ambayo nayaandika kama yalivyo: "Wewe unamwekea tasi mwani kwenye kamba, mimi namwekea mwani kwenye dema. Tofauti yetu mimi najua kuwa namlisha."

Maneno hayo yangetosha kumaliza kesi. Mvuvi wa madema anayemtaka tasi hutia majani ya bahari na mwani ndani ya dema kuwa chambo, tangu zamani, kabla hajazaliwa mnunuzi yeyote wa mwani. Ujuzi ulikuwa kijijini siku zote. Umekaa upande wa wanaume wa dema, na shamba liko upande wa wanawake wa kamba, na pande hizi mbili hukutana sokoni tu.

Tasi, ambaye ndugu zetu wa Mombasa na Kwale humwita tafi, ndiye Siganus sutor wa vitabuni. Neno sutor ni Kilatini, maana yake fundi viatu, na Washelisheli kwa Krioli yao humwita kordonnyen, fundi viatu vilevile. Ni samaki wa huku hasa: anapatikana upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, pwani yetu yote hadi Madagaska na visiwa vya Shelisheli, na kwingine duniani hayupo. Ana mwili bapa, mdomo mdogo butu uliofanana na wa sungura, na ndani yake safu moja ya meno madogo yaliyopangika vizuri, ya kukatia, hayana kazi ya kurarua. Chakula chake ni mwani na majani ya bahari. Kwenye madema ya Ghuba ya Chwaka, yeye pamoja na pono wa majani ndio wanaotawala, na huko Kenya yeye ni miongoni mwa samaki wanaovuliwa zaidi na wavuvi wadogo wa miambani. Ukimchelewesha kumtoa matumbo, nyama inashika harufu ya majani yaliyochacha. Akina mama wa kukaanga wanalijua hilo kuliko sisi wenye madaftari.

Sifa yake nyingine vidole vinaijua. Ana miiba kumi na mitatu mgongoni, saba chini nyuma, na kila pezi la tumboni lina miiba miwili, mmoja kila ukingo. Yote ina sumu. Haiui mtu, lakini siku ile nilipomsaidia Ami kumwaga dema nilichomwa kwenye kidole gumba, nikakaa chini mchangani bila kuambiwa. Dawa ni maji ya moto, moto wa kuvumilika, unatumbukiza mkono na kukaa nao mpaka maumivu yashuke, kwa sababu sumu ya aina hii huharibiwa na joto. Shangazi alinichekea. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu asubuhi.

Lakini "tasi" peke yake lilikuwa jibu nusu. Tasi wapo mwaka mzima, na kamba za nje zilikuwepo miezi yote. Kwa nini mwezi huu? Na mkato wa upana wa punje ya mchele haukuwa wa tasi ninaowapima dikoni.

Tulifanya jaribio la kimasikini. Tulichagua mafungu kumi kwenye kamba ya nje ambayo bado yalikuwa na ncha chache, tukayawekea uzi mwekundu, tukahesabu ncha nzima. Wakati wa bamvua kwetu maji hukupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku, hujaa saa kumi, kwa hiyo unapata nafasi mbili za kuhesabu kwa siku. Usiku, kwa tochi, ncha nyingi zilikuwa zimeondoka. Asubuhi yake zilizopungua zilikuwa chache mno, na hizo chache nadhani ni za saa zile za alfajiri kabla maji hayajakauka. Kwa hiyo mlaji anakula mchana. Hilo lilimwondoa mtu wa usiku, likawaondoa na wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu, ambao wengi wao hutoka mafichoni kula giza likiingia, na ambao kwa kawaida huanzia fungu linalogusa mchanga.

Mchana wa tatu niliingia na miwani ya kuzamia maji yakiwa kifuani. Nilikaa nimeshika kigingi, sikusogea. Mwanzo hakuna kitu, vumbi la mchanga tu. Halafu majani ya bahari yalitoa wingu. Samaki wa urefu wa kidole, rangi ya zeituni, madoadoa hafifu, mamia, wametoka kwenye majani wakaingia kwenye kamba ya kwanza. Kila mmoja hupiga ncha moja, husogea, hupiga nyingine. Anayekaa nyuma hurukia mbele, kundi lote linajiviringisha kando ya kamba mithili ya mkeka unaokunjwa. Hakuna aliyekaa kwenye fungu moja. Ndiyo sababu kamba nzima ilikuwa imenyolewa sawasawa, kana kwamba mtu kapita na mkasi. Nilipoinua mkono, rangi iligeuka mara moja, kila samaki akawa na mabaka ya giza na nuru, na wingu likarudi kwenye majani. Nilikuwa nayatazama majani yaleyale bila kuona samaki hata mmoja. Tasi hujigeuza hivyo akiogopa na akilala usiku, na hata akifa. Wa dikoni na sokoni wote wana mabaka, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kuiona rangi yake ya kweli.

Kutembea kundi si mapenzi tu ya kuwa pamoja. Samaki mdogo anayekula majani lazima ainamishe kichwa, na aliyeinamisha kichwa haoni kinachokuja. Katika kundi kuna macho mengi. Isitoshe, miambani kuna samaki wadogo wakali wanaolinda vibustani vyao vya mwani na kumfukuza kila anayekaribia. Mmoja hufukuzwa, mia hawafukuziki. Kangaja, samaki wengine wa miambani, wanajulikana kwa ujambazi huo huo. Katika jamaa ya tasi kuna wengine walioacha kundi wakaishi wawili wawili: watafiti Simon Brandl na David Bellwood walionyesha mwaka 2015, kwenye miamba ya Australia, kwamba wakati mmoja anakula ndani ya ufa mwenzake husimama kichwa juu akilinda, kisha hubadilishana. Tasi wetu yeye anategemea wingi.

Umri wa wale wa urefu wa kidole ndio ulionipa jibu la "kwa nini mwezi huu." Tasi wakubwa, ambao siku za kawaida wametawanyika kwenye vikundi vidogo, huenda kuzaa mahali pamoja, kwa kufuata mwezi. Kisiwani Praslin, Shelisheli, walitiwa vifaa vidogo vya kutoa sauti na kusikilizwa chini ya maji, wakaonekana wanarudi kwenye vituo vyao siku za karibu na mwezi mpevu. Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, wavuvi walikuwa wanalijua jambo hilo kabla ya vifaa. Pwani ya Kenya pia ilionekana kwamba uzazi una vilele viwili kwa mwaka, Januari na Februari, halafu Mei na Juni. Vitoto huelea baharini kwa wiki kadhaa, halafu huingia pwani kwa mafungu na kushukia kwenye majani ya bahari. Sasa hesabu: shangazi alipanda kotonii mwanzo wa Machi, bahari ya kaskazi ikianza kutulia. Kamba zilikaa mlangoni mwa malezi ya tasi, wiki zilezile watoto wanawasili.

Tena tuliongeze hili ambalo shangazi hakulipenda. Ili kupata sehemu ya vigingi, yeye na wenzake walikuwa wameng'oa majani ya bahari kwa miaka. Pale penye mchanga mweupe leo palikuwa na majani. Mtoto wa tasi akitoka kwenye ukingo wa majani yaliyobaki hakuti malisho yake ya zamani. Anakuta mwani laini uliotundikwa juu ya mchanga, una kivuli, una pa kujificha, hauna hata mwenyewe wa kumfukuza mchana. Mimi kwenye daftari langu siwezi kumwandika tasi kuwa mvamizi kwenye shamba hili.

Mvamizi wa kweli wa jamaa hii yupo, lakini ni kwingine. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, binamu zake wawili wa Bahari ya Shamu walipita wakaingia Mediterania. Wa kwanza alionekana huko miaka ya 1920. Leo pande za Uturuki na Ugiriki kuna miamba ambayo wameikwangua mpaka imebaki jiwe tupu. Kule hapakuwa na walaji wa majani wengi wa kuuzoesha mwani, wala hapakuwa na Ami na madema yake.

Likabaki la kufanya, na hapa tulibishana siku mbili. Ami alitaka kuzungusha madema madogo, ya tundu ndogo, kando ya shamba. Tulijaribu moja. Alikamata vitoto tele, urefu wa kidole, havifai kuuza wala kukaanga, na kesho yake wingu lilikuwa lilelile. Nilimwonyesha daftari: tasi hukua upesi, hao hao wakiachwa, mwakani ndio wanaojaza dema lake la kawaida kwa saizi ya bei. Alinyamaza kwa muda, kisha akalivunja lile dema dogo yeye mwenyewe akachukua fito. Sikuamini macho yangu, na sina hakika ni daftari lililomshawishi au ni kuchoka kulitegua kila siku. Wavu wa kuzungushia shamba ulijadiliwa ukaachwa: unaota ukungu wa mwani kwa wiki mbili, mawimbi yanaulaza, na pweza na kasa wanakwama.

Kilichofanyika ni kidogo. Shangazi alihamisha kamba nne za nje, akaacha hatua kumi na tano za mchanga mtupu kati ya shamba na majani, kwa sababu wale wadogo hawakuwa wanapenda kuvuka mchanga ulio wazi. Niliwaona wakifika ukingoni na kurudi. Upande wa nje akafunga spinosamu, mafungu makubwa kuliko kawaida, kwa hoja kwamba fungu kubwa likipoteza ncha ishirini linabaki na nyingine. Kotonii ikaingia ndani, katikati. Na kupanda kwake kwa upande wa nje atakusogeza mbele mpaka watoto wa kaskazi wakue na kutawanyika. Maji ya ndani yana joto zaidi, kwa hiyo anaweza kuuepuka mdomo wa tasi akaangukia ugonjwa aliousema kijana wa kununua. Analijua hilo. Bamvua iliyofuata ncha za kamba za ndani zilikuwa zimechongoka, za nje nusu kwa nusu.

Jioni ya mwisho Ami alileta tasi wanne wakubwa wa dema la kawaida. Shangazi alikaa kibarazani na kisu, akawakata miiba kwanza kwa mkasi mkubwa, halafu akapasua tumbo la wa kwanza. Utumbo wa tasi ni mrefu, umejikunja kunja, umejaa kitu cha kijani kilichosagika. Akakichambua kwa ncha ya kisu. Kati ya majani ya bahari kulikuwa na vipande vitatu vya kahawia, vinene. Akavipangusa kwa kidole, akaviweka ubaoni, akavitazama.

"Hii kotonii," alisema.

Aliwakaanga wote wanne. Wawili akawaweka kwenye sahani yake ya maua, akafunika kwa kawa, akamtuma mtoto aipeleke kwa jirani wa kulia, yule aliyesema kasa, yule ambaye jina lake lilikuwa limeshazunguka kijiji kizima kwa siku tatu. Kwetu sahani hairudi tupu. Mtu aliyeipokea kwa moyo huirudisha na kitu ndani. Mtoto alirudi mikono mitupu, akasema wameipokea. Nilipopanda daladala asubuhi yake, sahani ilikuwa bado haijarudi.